Kila kanuni ukutani ilizaliwa na moto

Kikao cha kikosi chetu cha zimamoto kiliponikabidhi kazi ya kuandika historia yake, niliomba miezi 3. Nilikuwa karani wa vikao, mwandiko wangu unasomeka, na kikosi chenyewe ni kidogo: kituo kimoja, gari moja, pampu moja ya kubebeka, na watu wa kujitolea ambao hata wakifika wote hawajazi mabenchi mawili. Nikajiuliza, historia ya kikosi kama hiki itakuwa na nini cha kunichelewesha? Ilinichukua miaka 2 na miezi 5. Nilitoa mfukoni fedha sawa na mshahara wangu wa miezi miwili, nikakosana na familia moja niliyokuwa naiheshimu, na ipo picha moja niliyoiharibu ambayo haitapatikana tena. Naeleza haya kwa sababu vikosi vidogo kama chetu viko vingi, na katika kila kimoja yupo mtu atakayeambiwa siku moja, "Wewe unaweza, tuandikie."

Nilianza pale ambapo wengi huanzia: wakuu na mashine. Nilipanga majina ya wakuu wa kikosi kutoka wa kwanza hadi wa sasa, kila mmoja na miaka yake. Nikafuatisha pampu na magari, lipi lilinunuliwa lini, lilibeba lita ngapi, liliuzwa lini. Zikatimia kurasa 40, nami nikaridhika nazo sana. Nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa pampu kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliye hai, nikakaa nje wakati anasoma. Alipomaliza alizilinganisha kingo, akanirudishia.

"Mwanangu, umeandika magari. Moto uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akainuka, akanitaka tufuatane hadi kituoni. Ukutani, juu ya vigingi vya kutundikia makoti, pana ubao wenye kanuni 11 zilizoandikwa kwa mikono tofauti na rangi tofauti. Usiingie peke yako. Usisimame chini ya ukuta uliopasuka. Hesabu watu kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimepita mbele ya ubao ule miaka mingi. Mzee aliweka kidole kwenye kanuni ya nne, akanieleza ilikuwa usiku wa aina gani. Akapandisha kidole hadi ya pili, akanitajia aliyeumia. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba zile kurasa 40 zitakuwa kiambatisho nyuma ya kitabu, na kwamba kitabu chenyewe bado sijaanza kukiandika.

Tangu siku hiyo nilishika njia moja: nachukua kanuni, natafuta moto ulioizaa. Nikipewa kazi hii tena, ningeanza hivyo siku ya kwanza. Kikosi cha zimamoto hakiandiki kanuni kwa kupenda kuandika. Kuna kitu kilitokea, mtu akarudi amenyamaza, na kesho yake mwingine akachukua brashi.

Ile ya ukuta, kwa mfano, nilidhani ni busara tu ya kila siku, hadi niliposoma habari za James Braidwood. Ndiye aliyeongoza kikosi cha Edinburgh kilipoundwa mwaka 1824, akawazoeza watu wake kuingia ndani na kuufuata moto kwenye shina lake badala ya kurusha maji wakiwa barabarani. Baadaye alikwenda kuongoza kikosi cha London. Mwezi Juni 1861, katika moto wa maghala ya Tooley Street, ukuta ulimwangukia akafa. Wachache sana wa zama zake waliujua moto kama yeye. Kwetu ukuta haukuua mtu, ila ulivunja bega la kijana mmoja. Sasa ni mzee, na alinionyesha jinsi mkono wake wa kulia usivyopanda juu ya sikio. Aliponionyesha alikuwa anacheka, mkewe hakucheka. Niliandika vyote viwili.

Nilichokitegemea kuliko vyote ni daftari la matukio. Kila tukio lina mstari mmoja au miwili: saa ya taarifa, saa ya kutoka, saa ya kufika, maji yalichotwa wapi, nani walikuwepo. Ukisoma haraka huoni kitu. Lakini kaa nalo na kalamu, hesabu dakika kati ya taarifa na kufika, tukio baada ya tukio, na maisha ya jamii nzima yataanza kujitokeza. Kwetu kuna kipindi ambapo dakika 12 zinakuwa 25, bila maelezo yoyote. Nilipouliza niliambiwa ndicho kipindi vijana walianza kufanya kazi mbali, mchana kengele inalia na kituoni hakuna wa kuendesha gari. Hakuna kikao kilichowahi kuliandika jambo hilo. Nadhani waliona haya.

Katika daftari hilohilo kuna mstari ulionisumbua wiki nzima: "Mpira wa jirani haukuingia." Basi, hakuna zaidi. Niliuelewa niliposoma juu ya moto wa Baltimore, Marekani, wa Februari 1904. Vikosi vya miji mingine vilikwenda kusaidia, vingine kwa treni, vikakuta viungio vya mipira yao ya maji havishiki kwenye mabomba ya maji ya mji ule, kwa kuwa kila mji ulikuwa na kipenyo chake na meno yake. Majengo zaidi ya 1,500 yaliharibika. Nikaenda stoo ya kituo, nikachambua vyuma vya zamani, nikapata viungio viwili, chetu na cha kikosi cha jirani. Nilivikutanisha mkononi. Vimepishana kwa unene wa ukucha. Kanuni ya saba, "Kiungio cha kupatanisha kikae garini daima," ilitoka hapo, na sasa viungio hivyo viwili vimewekwa pamoja kwenye kabati la kioo kituoni.

Sasa makosa yangu, kwa sababu ndiyo yaliyonisukuma kuandika haya.

La kwanza ni kuwahoji wazee kwa pamoja. Niliwakusanya sita kituoni, nikaweka simu mezani irekodi, nikafikiri watakumbushana. Walikumbushana kweli, lakini ilikuwa kumbukumbu ya aliyekuwa mkuu wao, wengine wakiitikia. Nilipowafuata mmojammoja majumbani, watatu waliniambia mambo tofauti kabisa, na mmoja akaanza kwa kusema, "Yale niliyosema juzi yafute." Hoji mtu peke yake, na uende kwake. Kaa chini, maana mtu aliyekaa hamwelezi kwa raha aliyesimama. Usimuulize anakumbuka nini, kwani atakupa hadithi ambayo amekwisha isimulia mara nyingi. Muulize alikuwa amesimama wapi, ameshika nini, upepo ulitoka upande gani, aliyekuwa mbele yake ni nani. Na kama unaweza, mpe chuma mkononi. Mzee mmoja aliyeniambia kwamba amesahau kila kitu alizungumza saa nzima baada ya kumpa mdomo wa mpira wa shaba aliokuwa akiutumia ujanani. Mikono yake iliushika kabla yeye mwenyewe hajasema lolote.

La pili ni kurekodi mahali pamoja tu. Mahojiano marefu kuliko yote yalikuwa ndani ya simu yangu na kwingine hakuna, nayo simu iliharibika. Nilirudi kwa mzee nikiwa nimeinamisha kichwa. Alikubali kusimulia tena, lakini mara ya pili alifupisha, na yale ya katikati, yaliyomliza mara ya kwanza, aliyaruka. Sikumkumbusha. Siku ile ile unapomhoji mtu, hamishia sauti sehemu nyingine mbili kabla hujalala, na moja isiwe nyumbani kwako.

La tatu ni ile picha. Familia moja ilinionyesha picha ya waanzilishi, ndani ya fremu, wamesimama mbele ya pampu ya mkono iliyong'arishwa. Nilitaka kuitoa niinakili vizuri. Kwa sababu ya unyevu wa miaka mingi, karatasi ilikuwa imegandamana na kioo. Nikaivuta taratibu, kwa nia njema kabisa, na uso wa mtu wa tatu kutoka kushoto ukabaki kwenye kioo. Mjukuu wake alikuwa amesimama nyuma yangu. Picha iliyoganda kwenye kioo haivutwi: ipige picha ikiwa palepale ndani ya kioo, uuzime mwanga wa kamera, na ukae kwa pembe kidogo ili usijipige mwenyewe. Kama ni lazima itoke, ifanyiwe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Na ukiandika majina nyuma ya picha, tumia penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya, na mkandamizo huonekana upande wa pili juu ya nyuso. Vipande vya magazeti vitenge na picha, karatasi yake huchakaa na kuchafua kila inachogusana nacho. Usiazime kitu ambacho unaweza kukinakili mbele ya mwenyewe na kumwachia.

Picha ile ilinifundisha na jambo jingine. Ina wanaume 14. Nikahesabu 14, nikaandika kwamba waanzilishi walikuwa 14. Miezi ikapita, ndipo nilipofungua kitabu cha stakabadhi cha mweka hazina wa kwanza. Zaidi ya nusu ya fedha za pampu ile zilichangishwa na wanawake, na wao ndio waliokuwa mstari wa pili wa ndoo. Kabla ya pampu, moto ulizimwa kwa mistari miwili ya watu kutoka kwenye maji hadi kwenye jengo: mmoja unapitisha ndoo zilizojaa, wa pili unarudisha tupu. Mstari wa pili ukikatika, wa kwanza unakufa. Katika stakabadhi majina yao hayapo, imeandikwa "mke wa fulani", "mama wa fulani". Ilinichukua miezi 4 kuyapata, kwa kuuliza nyumba kwa nyumba na kusoma mawe ya makaburi. Mawili sikuyapata, na katika kitabu nimeacha nafasi wazi kwenye orodha, mistari miwili, ili anayejua ajaze kwa mkono wake.

Tarehe ya kuanzishwa nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyoleta ubishi mrefu zaidi vikaoni. Jiwe la kituo lina mwaka wake, muhtasari wa kikao cha kwanza una mwingine, na wazee wana wa kwao. Wote walikuwa sahihi. Kikao kilifanyika kwanza, pampu ikafika baadaye, jengo likaja mwisho. Usimlazimishe mtu achague, andika kila tarehe na kilichotokea siku hiyo. Muhtasari wa kikao hicho cha kwanza ulinifurahisha kwa sababu moja: kila mwanachama alitakiwa kuja na ndoo zake mwenyewe. Kikosi cha Union Fire Company, ambacho Benjamin Franklin alishiriki kukiunda Philadelphia mwaka 1736, kilikuwa na sharti la aina hiyo. Wanachama walitakiwa kuwa na ndoo za ngozi, na mifuko imara ya kuokolea mali. Watu wa kwetu hawakuwa wamesikia habari za Philadelphia. Anayeuogopa moto bila kuwa na fedha huanza na ndoo aliyonayo.

Kuna wakati nilitaka kuacha. Nilikuwa nimechoka, watu wananiuliza kitabu kiko wapi, na rafiki yangu akaniambia kwa upole kwamba kikosi kidogo hakina mtu wa kukisoma. Kilichonirudisha ni usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871. Usiku huo Chicago iliwaka, watu wapatao 300 wakafa, na dunia nzima inaujua moto ule. Usiku huohuo, upande wa kaskazini, moto wa msitu uliufuta mji mdogo wa Peshtigo na vijiji vya jirani, ukaua zaidi ya watu 1,000. Wengi hawajawahi kulisikia jina hilo. Chicago ilikuwa na magazeti na watu wa kuandika. Peshtigo ilipoteza hata vitabu vilivyokuwa na majina ya wakazi wake, kiasi kwamba idadi kamili ya waliokufa haikujulikana kamwe. Nilirudi mezani.

Sasa nifike kwenye ukurasa uliokatwa.

Katika daftari la matukio kuna mahali ukurasa mmoja umekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, kimebaki kijiukanda. Kila mtu wa umri fulani anajua ni usiku gani. Nyumba iliungua, mtoto akafia ndani, na pampu ilisimama kando ya bwawa bila kutoa tone kwa muda ambao kila aliyekuwepo anauhesabu kivyake. Nilisimuliwa na mtu mmoja tu, tena anayeheshimika. Alisema mwendesha pampu alibabaika. Mwendesha pampu huyo alikuwa amekwisha fariki. Nikaandika hivyo, na katika kikao cha kawaida nikasoma sura hiyo kwa sauti, wapate kuona kazi inavyoendelea.

Binti yake alikuja kituoni siku iliyofuata. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nilimwuliza mtu mwingine yeyote, nikasema hapana. Akaniambia baba yake hakulala usiku mzima hata mara moja tangu moto ule, na kwamba hakurudi tena kwenye bwawa lile hadi anakufa. Kisha akaondoka. Kwa zaidi ya mwaka hakunisemesha, na alikuwa na haki.

Nilianza upya. Mzee wa pampu ndiye aliyenielekeza, kwa kunifundisha kwanza jinsi pampu inavyofanya kazi. Tunasema pampu inavuta maji, lakini sivyo. Pampu inaondoa hewa ndani ya mpira mgumu wa kufyonzea, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Kwa hiyo hata pampu kamilifu haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi kwa njia hiyo, na kazini ukishapita mita 7 umeingia kwenye taabu. Na hewa ikipenya popote, hata penye upenyo mdogo, maji hayaji. Kinachoizuia kwenye viungio ni pete ya mpira, mafundi huiita washa. Ikikauka na kupasuka, mwendesha pampu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akasimama pale mikono mitupu.

"Tafuta washa," mzee aliniambia.

Niliipata katika faili la mihtasari ya vikao, si katika daftari. Wiki 3 kabla ya moto ule, mwendesha pampu alikuwa ameandika barua, akiomba washa mpya za mpira wa kufyonzea kwa kuwa zilizopo zimepasuka. Ameorodhesha na vipimo vyake. Chini yake karani wa wakati huo ameandika: "Itajadiliwa kikao kijacho." Kikao kijacho kilikuwa cha mazishi. Wazee wawili walinithibitishia pia kwamba ulikuwa msimu mkavu na bwawa lilikuwa limeshuka sana, mpira ulining'inia kwenda chini kuliko walivyowahi kuuona.

Sikujua la kufanya na karatasi ile. Nilikaa nayo siku nne. Wapo walionishauri niirudishe kwenye faili, kwa kuwa waliohudhuria kikao kile wawili bado wako hai. Nilikwenda kwao kwanza, nikawasomea nilichotaka kuandika. Mmoja alinyamaza muda mrefu, akaniambia ndiye aliyeukata ukurasa. Akaniruhusu niandike, akaomba nisitaje jina lake, na sikulitaja. Nilikwenda kwa wazazi wa mtoto. Mama aliomba jina la mwanawe liandikwe, ila jinsi alivyokufa isielezwe. Nilifuta aya nzima mbele yake. Kisha nikaenda kwa yule binti na nakala ya barua ya baba yake, nikamwachia mlangoni, kwa sababu hakunikaribisha.

Kwa hiyo, kama kuna kifo katika historia mnayoiandika, msisome popote kabla ya kufika katika nyumba tatu: ya aliyekufa, ya anayelaumiwa, na ya aliyekuwa na mamlaka siku hiyo. Mtachelewa. Mimi nilichelewa miezi 8 kwa sura moja, na sijutii hata siku moja ya hiyo miezi.

Kuhusu uchapaji: pelekeni mswada kwa watu watatu wanaojua majina, kila mmoja asome peke yake. Sisi tulichapa nakala 300, jina moja likatoka limekosewa, ikabidi tubandike kipande cha karatasi katika kila nakala kwa mkono. Andikisheni wanunuzi kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Tulikisia, na masanduku mawili bado yako stoo.

Kati ya kanuni 11, kanuni 8 nilipata moto ulioizaa kila moja. Tatu zimebaki bila hadithi, na nimeziandika hivyohivyo. Ya 12 iliongezwa wakati kitabu kikiwa kwa mpiga chapa: "Washa zikaguliwe kila mwezi, mkaguzi aandike jina lake."

Siku ya kugawa vitabu, binti wa mwendesha pampu alikuja akiwa amechelewa, watu wakiwa wameanza kutawanyika. Alichukua nakala, akasoma sura ile akiwa amesimama. Kisha akaniuliza pampu iko wapi. Nilimpeleka nyuma ya gari. Aligusa kiungio cha mpira wa kufyonzea, akakizungusha kidogo, akataka kujua siku hizi nani anaiendesha. Nikamwita kijana wetu, akaja anajifuta mikono, akafungua kiungio na kumwonyesha washa.